Gari Lililolala kwa Marafiki

Katika kijiji kizima cha Daa hakuna aliyewahi kubisha kwamba Mzee Hhando alikuwa na gari la spoti. Lilikuwa gari la Kiingereza, kuukuu kuliko Uhuru na kuliko meno ya mwalimu mkuu. La viti viwili, kijani kama jani la mgomba, halina paa ila turubai la kukunja, na honi yake ilikuwa tarumbeta la shaba lenye mpira mweusi wa kubana. Tena hakuna aliyebisha kwamba gari hilo halikuonekana popote.

Yaani halikuonekana mahali pamoja. Ili jambo hili lieleweke ni lazima kwanza kuzungumza habari za ng'ombe, na msomaji anaombwa akae vizuri, maana ng'ombe ni somo zito.

Mtu mwenye akili zake, katika nchi ile, halazi ng'ombe wote zizi moja. Mmoja humpeleka kwa rafiki aliyeko mlimani, mwingine kwa rafiki aliyeko bondeni. Rafiki huchunga, hunywa maziwa, na siku mwenye ng'ombe akimwita mnyama wake nyumbani, yule rafiki hupewa mtamba mmoja kuwa asante. Ugonjwa ukipita zizi moja, mwenye mali bado ni mwenye mali. "Vinavyolala pamoja hufa pamoja," baba yake Hhando alikuwa akisema, na alikuwa hasemi mengi zaidi ya hayo. Mwaka ugonjwa wa ndigana ulipopita Daa, ng'ombe wote wa Hhando walilala wasiamke, isipokuwa jike mmoja mwekundu aliyekuwa Kakesio kwa rafiki yake Ngoyai, Mmasai mrefu mwenye masikio marefu zaidi. Kutokana na jike yule Hhando alijaza zizi upya. Tangu siku hiyo aliliamini neno la baba yake kama wengine wanavyoamini katekisimu.

Sasa gari. Hhando alikuwa dereva katika shamba la kahawa upande wa Oldeani. Mzungu mwenye shamba alipofunga mizigo yake arudi kwao, alimpa mkono, kofia na gari. Kofia ililiwa na mbuzi. Gari likadumu, Hhando akaliendesha kwa miaka kadhaa kwa mwendo wa bibi harusi, mpaka ulipofika ule wakati wa shida ya vipuri, ambapo mtu akiegesha baiskeli hurudi akakuta kengele peke yake. Asubuhi moja Hhando aliamka akakuta kioo cha pembeni hakipo. Juma lililofuata kikaondoka kifuniko cha tangi, naye akavikomboa vyote viwili mnadani kwa bei ya mbuzi wawili. Alisimama akilitazama gari kama unavyomtazama ndama anayekohoa.

Kabla ya Jumapili alikuwa amelifungua na kuligawa.

Viti vya ngozi vilikwenda kwa Marseli, kinyozi wa Karatu, ambaye wateja wake tangu hapo walinyolewa wakiwa wameegemea kama magavana. Taa mbili kubwa za mbele alipewa Sara, jirani yake mjane wa kando ya mto, chini ya mlima. Sara akazitoa vioo, akazijaza majani makavu, na kuku wake wakagundua kwamba Mungu hajawahi kuumba kiota kizuri kuliko taa. Turubai la paa alikabidhiwa Nikodemu, katekista wa kigango, akaliezeka juu ya mahali pa kuungamia. Inasemekana kwamba dhambi za Daa ziliongezeka ubora, maana sasa mtu aliweza kuzieleza kwa kirefu hata mvua ikinyesha. Magurudumu yalisambaa kwa wakwe na mashemeji. Injini ilibaki nyumbani uvunguni mwa kitanda, ikapakwa mafuta ya mkia wa kondoo kila baada ya mavuno, na bodi tupu likawekwa ghalani, likawa kihenge cha maharage.

Na honi ikaenda Kakesio kwa Ngoyai.

Miaka ikapita hivyo, na Hhando alilala usingizi mzuri. Ukimuuliza gari lake liko wapi angekujibu, bila kutabasamu, "Linachungwa."

Mkewe Evarista ndiye aliyeleta mwisho wa amani hiyo. Evarista alikuwa amebeba mahindi kichwani mpaka mashineni Karatu na kurudi na unga kwa miaka mingi kiasi kwamba shingo yake, kwa maneno yake mwenyewe, ilikuwa inajua njia bila yeye. Mwaka ule, mwaka uliofuata kufunguliwa kwa mpaka wa Kenya, padre wa misheni alitangaza kwamba anauza mashine yake kuukuu ya kusaga, nzima kabisa, kwa kijiji au mtu atakayemwahi kabla ya masika. Watu wa ng'ambo ya korongo walikuwa wameshaanza kuchanga.

"Baba Yohani," Evarista alimwambia mumewe, akitua debe la unga, "una gari."

"Ninalo."

"Ng'ombe asiyekamuliwa, asiyezaa, asiyelima, wewe unamwitaje?"

Hhando alifikiri. "Mzee," alisema.

"Basi muuze kabla hajafa. Nataka mashine ile isimame pale, karibu na mparachichi. Nikisikia inalia ng'ambo ya korongo, nitahamia ng'ambo ya korongo."

Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ya chini, na Hhando, aliyekuwa ameishi naye tangu wote wawili wana meno yote, alijua kwamba sauti ya chini ya Evarista haikuwa utani.

Alikwenda kwa Josephati, dereva wa loji moja njiani kuelekea kreta, mtu aliyejua kuandika kwa mashine. Josephati akaandika tangazo na kulibandika ukutani mwa loji pale wageni wanapokunywa chai: LINAUZWA. GARI LA SPOTI LA KALE. LA WAZI. KAMILI, KILA KITU CHAKE CHA ASILI. LIMETUNZWA KIENYEJI.

Haukupita muda mrefu akajitokeza mteja. Alikuwa Bwana Daulat wa Nairobi, mkusanyaji wa magari ya kale, mwenye gereji ndefu iliyojaa magari aliyoyapangusa kwa mkono wake na kuyavisha mashuka usiku. Alituma neno kupitia Josephati: atakuja siku ya mnada wa Karatu. Gari likiwa kamili, atalichukua siku hiyohiyo. Likikosa kitu, atarudi zake, maana gari la kale lililokosa kitu ni chuma chakavu, na chuma chakavu Nairobi kipo.

Josephati alipomaliza kusema, Hhando alikaa juu ya jiwe.

"Mzee, si uliniambia kamili?"

"Ni kamili," alisema Hhando. "Ila halijarudi kutoka malishoni."

Mtu anaweza kudhani kwamba kazi ilikuwa ni kupita nyumba hadi nyumba na toroli. Mtu huyo hajawahi kumwita ng'ombe nyumbani. Haiendi hivyo. Unakwenda na kibuyu cha pombe ya asali. Unakaa. Unauliza habari za watoto, za mvua, za mguu wa bibi. Hutaji ng'ombe. Mwenyeji naye, ambaye amekiona kibuyu na anajua kila kitu, hataji pia. Hatimaye unasema, kana kwamba limekujia sasa hivi, "Na yule mnyama wetu, hajambo?" Hapo ndipo maneno huanza.

Hhando alianzia kwa Marseli.

"Na vile viti vyetu, havijambo?" alisema, kibuyu kilipofika nusu.

Marseli aliacha kunoa wembe. "Hawajambo. Wamenenepa." Akapigapiga ngozi ya kiti. "Nimevipaka mafuta, Mzee. Nimefukuza paka. Sasa nikuulize, kwa heshima. Ng'ombe akirudi kwao, mchungaji anapewa mtamba. Gari halizai. Mtamba wangu yuko wapi?"

Hhando aliinuka akaaga. Alikuwa amelijua swali hilo tangu alipofunga kibuyu, na njia nzima alikuwa ameomba lisiulizwe. Alirudi nyumbani na kichwa kizito. Kwa Sara akaulizwa hivyohivyo. Kwa Nikodemu akaulizwa hivyohivyo, pamoja na mstari wa Maandiko.

Usiku huo huo alimweleza mkewe. Evarista alikuwa akichambua maharage ambayo, kwa sababu ya kuhama ghafla kutoka ndani ya gari, yalikuwa yamejaa kutu.

"Gari linazaa nini?" aliuliza.

"Halizai."

"Linazaa safari," alisema Evarista. "Linazaa nini kingine? Mpe kila mmoja safari yake, yaishe."

Hhando alitoka nje, akatazama nyota, akarudi ndani, akasema kwamba hata yeye alikuwa anaelekea kufikiri hivyo.

Wote walikubali, na wakwe na mashemeji walirudisha magurudumu bila kudai chochote, maana ni ndugu. Marseli alikubali kwa sharti kwamba apite mbele ya duka la kinyozi mwenzake. Nikodemu alishusha turubai baada ya misa na kuwatangazia waumini kwamba kwa sasa watubu kwa ufupi. Sara alitoa taa moja. Ya pili, alisema, ina kuku aliyelalia mayai, na kuku huyo hakuwa na habari na mambo ya Nairobi.

Iliyobaki ilikuwa honi. Kakesio ni mbali, na siku zilikuwa zimekwisha. Lakini Ngoyai hakuwahi kukosa mnada, na Hhando alituma neno kupitia kwa wachungaji waliokuwa wakishuka kwenda bondeni: *Njoo na mnyama wetu.*

Siku ya mnada, gari likiwa limefungwa tena kipande kwa kipande, injini iliyolala uvunguni ikilambwa na mafuta ya kondoo ilikohoa, ikapiga chafya, ikaamka. Petroli ilitoka kwa Josephati, kwa njia ambayo haitatajwa hapa kwa sababu Josephati ana watoto wadogo. Gari la viti viwili likaondoka Daa likiwa na Hhando kwenye usukani, Evarista kando yake, Nikodemu na Marseli wamekaa juu ya buti miguu ikiwa ndani, na Sara katikati yao, amepakata taa, na ndani ya taa kuku, aliyekuwa ametulia kuliko abiria wote. Harufu ya kondoo wa kuchoma iliwafuata njia nzima. Walipopita mbele ya duka la yule kinyozi mwenzake, Marseli alivua kofia polepole, kama askofu.

Bwana Daulat alikuwa amesimama kando ya uwanja wa mnada, mwanamume mnene mwenye miwani, kofia ya majani makavu na leso ya kufutia jasho. Alipoliona gari alifumba macho, akafumbua. Hakujali abiria. Alipiga magoti mavumbini, suruali nyeupe na yote, akachungulia chini.

"Mama yangu," alisema. "Hata ile bomba ni yake mwenyewe. Mzee, ulilitunza wapi?"

"Kwa marafiki."

"Na hii nini hapa kwa taa?"

"Kuku," alisema Sara. "Usimguse. Bado kidogo tu."

Bwana Daulat aligusa kila kitu kingine. Alihesabu, alibonyeza, alinusa ngozi ya viti akakuta nywele za watu wa Karatu. Kisha akasimama, akatazama palipokuwa na tundu mbili tupu kando ya kioo cha mbele.

"Honi," alisema.

"Inakuja," alisema Hhando.

"Mzee wangu, mimi nilisema kamili. Hii gari bila honi yake ya shaba ni kama bwana arusi bila suruali. Nitangoja mpaka saa sita, halafu narudi. Si kwa ubaya."

Evarista alitazama upande wa misheni tu, na Hhando akaona shingo yake.

Ng'ombe ndio walioonekana kwanza, na vumbi lao, na mbele yao Ngoyai, amejifunga shuka nyekundu, honi imening'inia shingoni kwa ukanda wa ngozi, imesuguliwa majivu mpaka inang'aa kama jua la pili. Alisalimiana na Hhando kwa utaratibu, mpaka wakafika kwenye mguu wa bibi. Kisha Hhando akamvuta kando.

"Rafiki yangu, na yule mnyama wetu?"

"Hajambo." Ngoyai aliishika honi. "Amenisaidia sana huyu. Jioni nikiwapa ng'ombe chumvi namliza kwanza. Sasa wakimsikia tu, hata wakiwa nyuma ya kilima, wanakuja. Fisi walikula ndama za watu wote mwaka jana. Zangu zilikuwa zimeshafika nyumbani."

Hhando alitamani ardhi ya mnada impokee. "Basi," alisema, "wale wengine nimewapa safari. Wewe sijui nikupe nini."

Ngoyai alicheka kidogo. "Mimi nimetembea kutoka Kakesio. Safari ninazo." Akavua ukanda shingoni. "Mwenye mnyama akija, sisi hatuhesabu maziwa tuliyokunywa. Tunafungua zizi. Chukua."

Na akageuka haraka kuwatazama ng'ombe wake, ambao hawakuhitaji kutazamwa.

Hhando aliifunga honi mahali pake kwa mikono iliyokuwa mizito kuliko bisibisi. Alikuwa na gari kamili. Alikuwa na mashine ya mkewe, karibu na mparachichi, kabla ya masika. Alijaribu kufurahi na akagundua kwamba furaha ilikuwa imebaki Kakesio.

"Sasa!" alisema Bwana Daulat. Alishusha abiria wote, kuku akiwamo, akakaa kwenye usukani, akavuta kofia mpaka masikioni. "Nalijaribu mpaka pale kwa kona, narudi, tunapeana mkono."

Alikwenda vizuri. Injini ilinguruma kwa sauti nene ya mzee aliyeshiba. Lakini mbele ya kona, ng'ombe wa Ngoyai walikuwa wakivuka barabara, na Bwana Daulat, mtu wa mjini, alifanya linalofanywa mjini. Alibana honi ili wapishe njia.

Ng'ombe walisimama. Masikio yote yalielekea upande mmoja. Walitoka Kakesio kwa miguu, juzi yote na jana yote hawakulamba chumvi, na sasa, katika nchi ya ugeni, sauti ya nyumbani ilikuwa inawaita.

Wakaja.

Bwana Daulat, alipoona hawapishi, alibana tena. Wakaja mbio. Alibana mara nyingi, kwa nguvu zote, kama mtu anayezama, na kila alipobana waliokuwa nyuma waliwasukuma waliokuwa mbele, hata wenzao waliokuwa wameshafungwa kamba ndani ya mnada walikata kamba wakafuata. Gari lilizimika. Likazungukwa. Na hapo ndipo alipoelewa hasara ya gari lisilo na paa. Jike mmoja mwekundu aliingiza kichwa chote ndani, akatafuta chumvi kwenye magoti yake, akaikosa, akaipata usoni, kwa maana Bwana Daulat alikuwa ametoka jasho jingi na jasho ni chumvi. Akamlamba kutoka kidevuni mpaka kwenye kofia. Kofia akaila.

Mnada mzima ulisimama. Muuza nguo kuukuu alipanda juu ya nguo zake aone vizuri.

"Acha kupiga honi, bwana!" Nikodemu alipaza sauti.

"Niache vipi? Watanimaliza!" Naye akabana.

Ngoyai alipenya katikati ya kundi bila haraka, akasema nao neno mojamoja la Kimasai, wakarudi nyuma wakiwa na nyuso za watu waliodhulumiwa. Bwana Daulat aliteremka. Miwani yake ilikuwa na ute. Hakuwa na kofia wala sauti. Alifungua buti la gari aliloletwa nalo na dereva wake, akatoa bisibisi, akarudi, akaanza kuifungua ile honi mwenyewe.

"Bwana," alisema Hhando, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, "ngoja nikuambie, hao ng'ombe..."

"Usiniambie habari za ng'ombe!"

"Lakini si ng'ombe wote, ni hawa tu wa..."

"Kutoka hapa mpaka Nairobi kuna ng'ombe wangapi, Mzee? Makuyuni ng'ombe. Longido ng'ombe. Namanga ng'ombe mpaka ndani ya ofisi. Mimi niende na hii kitu?"

Hhando alifungua mdomo mara ya tatu. Evarista alimkanyaga mguu, wala hakuondoa wake mpaka skrubu ya mwisho ilipotoka.

"Gari nalichukua," alisema Bwana Daulat, akijifuta. "Ni kamili. Hii si kitu ya gari, hii ni kitu ya ng'ombe. Honi nitaweka nyingine, Nairobi zipo." Akampa Hhando ile honi kwa vidole viwili, na kwa mkono mwingine akampa mkono. Walimaliza mambo yao mbele ya Josephati na katekista, na ile taa ya pili ilikubaliwa kwamba itafuata na Josephati huyohuyo pindi vifaranga watakapokuwa tayari kuhama.

Hhando alimrudishia Ngoyai honi bila kuuliza habari za mguu wa bibi.

"Amekataliwa," alisema.

"Nimeona."

"Basi akae kwako. Huyu ndiye mtamba wako."

Ngoyai aliivaa shingoni. Aliibana mara moja, kidogo tu, kwa adabu, na ng'ombe wote wakageuza vichwa. Kule barabarani gari la kijani liliongeza mwendo likapotea kwenye kona.

Mashine ya padre ilifika Daa kabla ya tone la kwanza la masika, juu ya trekta, ikasimikwa karibu na mparachichi. Siku ilipowashwa, Evarista alimimina debe la kwanza yeye mwenyewe, akasimama akisikiliza mkanda unavyozunguka, uso na nyusi nyeupe kwa unga. Watu wa ng'ambo ya korongo walikuja na mahindi yao wakiwa na heshima isiyo ya kawaida. Marseli, ambaye wateja wake walikuwa wamerudi kukaa kwenye benchi na kulalamika, alikuja kuangalia tu.

Jioni, kazi ilipokwisha, Hhando alibaki peke yake na mashine. Aliizunguka. Aliupima mkanda kwa mkono. Alilitazama jiwe la kusagia, ambalo lilikuwa limeshikwa na boliti chache tu. Akatazama mlima wa upande wa Sara. Akatazama njia ya Karatu. Akatazama kule chini inakoanza njia ya Kakesio.

"Baba Yohani," sauti ilisema mlangoni, sauti ya chini. "Hiyo inalala hapa. Nzima."

"Sijasema neno."

"Umetazama mlima."

Hhando aliweka bisibisi mfukoni na kuingia ndani kula.